Visiwa vya Nchi Kavu: Njia ya Kutoka Kimandolu hadi Usambara

Mtu akitajiwa safari ya visiwani, fikira zake hukimbilia pwani: jahazi, tanga, minazi na harufu ya karafuu. Hilo si kosa, maana nchi yetu ina Unguja, Pemba na Mafia. Hata hivyo, iko safu nyingine ya visiwa ambayo mtu aweza kuizuru kwa gari lake mwenyewe, bila nahodha wala kiongozi wa safari, naye asilowe hata unyayo. Safari hiyo yaweza kuanzia Kimandolu, upande wa mashariki wa Arusha, katika barabara ya Moshi. Na yaweza kuishia Mombo, chini ya milima ya Usambara.

Visiwa tunavyovisema ni milima: Meru, Kilimanjaro, Upare ya Kaskazini, Upare ya Kusini na Usambara. Bahari yake ni nyika. Hatusemi hivyo kwa kupamba maneno. Juu ya milima hii mna baridi, misitu, chemchemi na mvua. Chini yake mna jua, miiba na vumbi. Na kutoka mlima mmoja hadi mwingine hapana njia ila kuvuka ukavu huo. Wataalamu wa mimea na wanyama wameona ya kwamba misitu ya Upare na Usambara ina viumbe visivyopatikana mahali pengine duniani, kama ilivyo desturi ya visiwa vilivyotengwa na bahari kwa muda mrefu. Ua dogo la zambarau ambalo leo hupandwa katika vyungu madirishani kote Ulaya na Marekani asili yake ni milima ya Usambara na nchi zinazoizunguka. Mjerumani Walter von Saint Paul-Illaire alilipeleka kwao mwaka 1892, nalo likapewa jina lake, kana kwamba halikuwahi kuonwa na mtu kabla yake.

Hata hivyo visiwa hivi si wa umri mmoja. Meru na Kilimanjaro ni milima ya volkano, nayo ni michanga kwa hesabu ya miamba. Milima ya Upare na Usambara ni ya mawe ya kale sana, na misitu yake imedumu kwa kunyweshwa na pepo zenye unyevu zitokazo Bahari ya Hindi. Mwanafunzi wa jiografia atazingatia tofauti hiyo. Sisi hapa tunatafuta historia, na katika historia milima yote hii ilikuwa na jambo moja: watu, mamlaka na utajiri vilikaa juu, na nyika ilikuwa mahali pa kupita.

Dereva anayetoka Kimandolu kwenda mashariki ataiona milima yote upande wake wa kushoto, tangu kilometa ya kwanza hadi Mombo. Lakini katika nchi yetu dereva huketi upande wa kulia. Kwa hiyo yeye hupata nyika, na abiria wake hupata milima. Afadhali mwalimu anayesafiri na wanafunzi wake awapokeze viti njiani.

Kimandolu yenyewe imo katika mtelemko wa kusini wa Mlima Meru. Leo ni sehemu ya jiji, yenye nyumba zilizosongamana na maduka kando ya lami. Lakini migomba iliyosalia baina ya kuta yatosha kuonyesha nchi ilivyokuwa. Warusha, wasemao lugha ya Kimasai, walifika chini ya mlima huu katika nusu ya kwanza ya karne ya 19, wakitokea Arusha Chini, wakajifunza kilimo cha migomba na kuchimba mifereji ya maji. Wameru walikuwa wamekwisha kukaa upande wa mashariki kabla yao. Makabila haya yalipigana, yakaoana, yakafanya biashara. Nao Wamasai wa nyikani walipanda kutafuta nafaka, asali na tumbaku, wakatoa mifugo. Kisiwa na bahari vilitegemeana.

Tukipita Tengeru, ambako wakati wa Vita Kuu ya Pili maelfu ya wakimbizi wa Kipoland walipewa kambi, na ambako makaburi yao yangalipo, twafika Usa River na kisha Maji ya Chai. Jina hili la mwisho ni la haki, kwa kuwa maji ya mto huo yana rangi ya hudhurungi. Maji mengi ya upande huu yana madini ya floridi kupita kiasi, na mtu aliyekua akiyanywa hujulikana kwa meno yake. Kando ya njia hii, hadi mwanzoni mwa karne ya 20, mkulima aliweza kutelemka kutoka migombani hadi malishoni bila kumwomba mtu ruhusa. Wajerumani walijenga boma lao Arusha mwaka 1900, na miaka michache baadaye wakaanza kugawa ardhi ya chini ya mlima kwa walowezi, Makaburu wakiwa miongoni mwao. Mashamba hayo yaliuzunguka mlima kama pingu. Waingereza walipoitwaa nchi hawakuifungua pingu hiyo. Waliyauza mashamba ya Wajerumani kwa walowezi wengine.

Matokeo yake yalidhihirika Ngare Nanyuki, nyuma ya mlima, upande wa kaskazini mashariki ambao mvua yake ni chache. Tume ya Jaji Mark Wilson, iliyotoa ripoti yake mwaka 1947, ilishauri Wameru waondolewe huko ili ardhi iwe malisho ya ng'ombe wa walowezi peke yao. Mwezi Novemba mwaka 1951 serikali ya kikoloni ilitekeleza shauri hilo: watu wapatao 3,000 walitolewa kwa nguvu, nyumba zao zikachomwa. Wameru hawakuchukua silaha. Walichanga fedha, wakamtuma Kirilo Japhet kwenda New York, akisaidiwa na mwanasheria Earle Seaton. Mwaka 1952 Kirilo alisimama mbele ya Umoja wa Mataifa na kueleza shauri la watu wake, miaka mitatu kabla ya Julius Nyerere kufika huko. Azimio la kuwarudishia ardhi lilikosa theluthi mbili za kura. Kwa hesabu ya kura, basi, Wameru walishindwa. Lakini serikali iliyozoea kuamua mambo ya mlima mmoja bila kuulizwa na mtu sasa iliulizwa mbele ya dunia, na katika Tanganyika nzima watu walisikia kwamba jambo hilo lawezekana.

Kati ya Meru na Kilimanjaro kuna uwanda wa Sanya, mfano wa mlango wa bahari baina ya visiwa viwili. Humo ndimo ulimojengwa uwanja wa ndege wa kimataifa uliofunguliwa mwaka 1971. Msafiri avukapo Boma la Ng'ombe huingia katika nchi ya Wachagga, nasi hatutakaa sana hapo, kwa maana Kilimanjaro umeandikwa kuliko milima mingine yote ya Afrika. Twataka tu akumbuke mambo mawili. Kwanza, vihamba vya juu vilinyweshwa kwa mifereji iliyokatwa kando ya makorongo kwa majembe na ustadi wa wenyeji, na kila mfereji ulikuwa na kanuni za zamu na matengenezo. Pili, tarehe 2 Machi 1900, Wajerumani waliwanyonga Mangi Meli wa Moshi, Mangi Molelia wa Kibosho na viongozi wengine, wa Meru na Arusha wakiwamo. Milima hii miwili iliadhibiwa kwa kamba moja.

Baada ya Himo barabara hugeuka kusini, na hapo ndipo msafiri mwingi hulala usingizi. Nje huona ukavu, mikonge, mbuyu mmoja mmoja, na kushoto ukuta wa milima ya Upare uliopauka. Hudhani kwamba nchi hiyo ni maskini. Sababu ya dhana hiyo ni barabara yenyewe. Reli iliyoanzwa kujengwa Tanga mwaka 1893, ikafika Korogwe 1902 na Moshi 1911, ilifuata bonde la Mto Pangani kwa kuwa bonde ni tambarare. Na barabara ikaifuata reli. Lakini pepo za mvua hutoka baharini, hupiga upande wa pili wa milima na kumwaga maji yake huko na kileleni. Kwa hiyo msafiri wa lami huiona Upare kwa mgongo tu, kama mtu atazamaye nyumba kutoka uani.

Juu ya mgongo huo, kusikoonekana, kuna Ugweno, ambako wahunzi waliyeyusha chuma tangu kale na kuwauzia Wachagga majembe na silaha. Kuna Usangi, Mbaga na Mamba. Kuna kilele cha Shengena chenye mita 2,463. Kuna ndiva, mabwawa madogo yaliyojengwa na wazee kukinga maji usiku ili mashamba yanyweshwe mchana. Mji wa Same, tuuonao barabarani, haukuwa kitovu cha chochote katika maisha hayo. Ulikuzwa na reli na boma.

Kwa sababu hiyo kisa cha mbiru kina maana kubwa kikisimuliwa papo hapo Same. Mbiru lilikuwa jina la ushuru wa kale waliotoa Wapare kwa watawala wao. Wakati wa Vita Kuu ya Pili serikali ya kikoloni ililichukua jina hilo, ikaliweka juu ya kodi mpya iliyopimwa kwa mali ya kila mtu, ikitumaini kwamba jina la kale litaipatia kodi heshima. Wapare hawakudanganyika. Januari 1945 maelfu yao walitelemka kutoka milimani, wakaja Same, wakakaa mbele ya boma wakikataa kuondoka. Mwaka uliofuata wanawake wa Usangi nao waliandamana. Kodi hiyo hatimaye iliachwa. Tazama lakini jinsi mambo yalivyokuwa yamegeuka: watu wa juu, waliozoea kuiona nyika kama njia ya wapitaji, sasa iliwapasa kushuka na kulala vumbini ili wasikiwe, kwa kuwa karatasi, kalamu na polisi vilikuwa vimewekwa chini, kando ya reli.

Mgeuko huo haukuanzishwa na Wajerumani peke yao, na hapa watunzi wengi wa vitabu vya shule hupita haraka mno. Mbele ya Same, baada ya Hedaru na Makanya, milima hukatika tena, na Mto Mkomazi hupenya kuelekea Pangani. Ng'ambo ya pengo hilo husimama Usambara, na chini ya magenge yake kuna kijiji cha Mazinde. Msafiri hukipita kwa dakika mbili. Kabla ya ukoloni hapo ndipo palipoamuliwa mambo ya nchi nzima.

Washambaa waliigawa dunia sehemu mbili: shambaai, yaani mlimani, na nyika. Walipenda kujenga vijiji vyao karibu na ukingo wa mlima ili mtu awe na shamba juu na shamba chini. Mvua ikikosekana upande mmoja, mwingine humwokoa. Mji mkuu wao, Vugha, ulikuwa juu. Abdallah bin Hemedi, katika Habari za Wakilindi, kitabu alichokiandika kwa Kiswahili mwishoni mwa karne ya 19, asimulia jinsi Mbegha, mwindaji kutoka Nguu, alivyowagawia watu nyama hata wakamfanya mfalme. Ukoo wake uliishi kwa kanuni hiyo: watu humpa mfalme ushuru, naye huwalinda, huwalisha na kuwaletea mvua. Kimweri ye Nyumbai, aliyetawala tangu mwanzoni mwa karne hiyo hadi kufa kwake mwaka 1862, aliheshimiwa hata pwani ya Tanga na Pangani.

Lakini nyikani chini ya Vugha misafara ilikuwa ikizidi. Kutoka Pangani walipita Waswahili na Waarabu na wapagazi wao, wakienda Kilimanjaro na mbele zaidi kutafuta pembe, nao walileta nguo za merikani, shanga na bunduki. Semboja, mwana wa Kimweri, aliyafahamu hayo mapema kuliko ndugu zake. Alikaa Mazinde, njiani hasa, akajikusanyia bunduki na wafuasi. Akapigana na Shekulwavu, mjukuu wa Kimweri aliyerithi kiti, akamshinda. Aliposhinda hakupanda Vugha kutawala. Alimweka mwanawe katika kiti cha mlimani, naye akabaki Mazinde. Vita hivyo viliwauza Washambaa wengi utumwani, na ile kanuni ya mfalme kuwalisha watu wake ikafa mikononi mwa mtu aliyehitaji barabara kuliko mvua. Sisi twaona kwamba wazee waliomlaani Semboja hawakumwonea, ingawa yapasa kukiri kuwa aliona wakati unakoelekea.

Mombo ni hatua chache mbele. Hapo msafiri akikunja kushoto, kwa mara ya kwanza tangu Kimandolu gari lake litaelekea mlimani: kilometa 33 za kona hadi Lushoto, kupitia Soni yenye maporomoko ya maji, na Vugha haiko mbali na hapo. Akifika Lushoto na aende Irente, kwenye ukingo wa genge. Chini yake ataona Mazinde, reli na lami aliyopita asubuhi, vyembamba kama nyuzi mbili juu ya nyika isiyo na mwisho, na magari yakitambaa kutoka Same.