Kuzaa si Kazi, Kazi Kulea
Habari za watu wa ndoa waliowatumikia watoto kando ya Ziwa Tanganyika

Katika mwaka wa Jubilei twahesabu mengi: makanisa yaliyojengwa, waliobatizwa, mapadre waliopata daraja. Ni vema kuhesabu hivyo. Lakini sisi makatekista wa Bangwe twaomba wasomaji wahesabu pamoja nasi kitu kingine, yaani watoto wasio na wazazi waliopita mikononi mwa misioni katika pwani hii, na watu waliowalea.

Sababu ya kuandika haya ni jambo dogo. Miaka michache iliyopita, siku za kiangazi, mtu na mkewe kutoka ng'ambo walikuja kutumika katika nyumba moja ya watoto yatima huku kwetu, nasi tuliitwa kuwafasiria maneno. Kwa muda wa majuma sita walifua nguo, walipaka madirisha rangi, walifundisha nyimbo, na jioni waliwapakata wadogo. Hata siku ya kuondoka ilipofika, watoto waliwaimbia, nao walilia machozi ya kweli. Kesho yake tulimkuta mtoto wa miaka mitano ameketi langoni tangu alfajiri, hataki uji. Tukamwuliza, "Wangoja nini?" Akajibu, "Namngoja baba na mama." Hatukuwa na neno la kumwambia. Tangu siku hiyo twajiuliza: mgeni mwenye moyo mwema humwachia nini mtoto aliyemtumikia? Basi tuangalie waliotutangulia.

Anayesimama katika rasi ya Bangwe huona upande mmoja ghuba ya Kigoma, na upande wa pili njia ya kwenda Ujiji. Chombo chochote kilichotoka Ujiji kwenda kaskazini kilipita hapa. Katika karne ya 19 Ujiji ulikuwa mji wa pembe za ndovu na wa watumwa. Watu waliotekwa ng'ambo ya ziwa walivushwa kwa mitumbwi, kisha wakafuata njia ya Tabora hata Bagamoyo. Kati yao walikuwamo watoto wengi. Mtoto aliyeuzwa hakupoteza uhuru tu; alipoteza ukoo. Nanyi mwajua, katika nchi zetu mtu asiye na ukoo hana wa kumsemea shaurini wala wa kumzika.

Mwezi wa Januari 1879 Mapadre Weupe waliotumwa na Askofu Mkuu Lavigerie wa Algiers walifika Ujiji. Mwaka huo huo walivuka Bangwe kwenda kuanza misioni Rumonge, katika nchi ya Burundi. Walikomboa watoto kwa mali, wakawaweka katika nyumba yao. Tarehe 4 Mei 1881 Padre Deniaud, Padre Augier na msaidizi wao D'Hoop waliuawa huko Rumonge. Chanzo cha ugomvi, kadiri ilivyosimuliwa, ni mtoto mmoja aliyekuwa kwao, ambaye watu wa jirani walimdai. Basi damu ya kwanza ya wamisionari katika ziwa hili ilimwagika kwa ajili ya shauri la mtoto: ni wa nani, na nani ana haki ya kumlea.

Tusifiche neno la pili. Kumkomboa mtoto kulikuwa pia kumnunua, na mwuzaji alikwenda na mali yake. Wako waliosema tangu zamani kwamba kununua, hata kwa nia njema, kwaweza kumpa mwuzaji hamu ya kuteka tena. Tena mtoto mwenyewe hakuulizwa apendapo kukaa. Twalisema si kwa kuwadharau waliotoa maisha yao, bali kwa kuwa historia isiyosema kweli haimfundishi mtu.

Baadaye nyumba za watoto zilikuwako Kibanga, misioni iliyoanzwa 1883, na Karema na Mpala, ambako Mapadre waliingia mwaka 1885. Shabaha ilikuwa hii: watoto wakue, waoane, wafanye vijiji vya Kikristo. Lakini katika miaka hiyo ya 1880 Masista walikuwa hawajafika ziwani. Padre aliweza kuwapa watoto chakula na mafundisho; hakuweza kuwaonyesha nyumba ya mume na mke. Kwa hiyo watu wa ndoa walihitajiwa sana.

Wa kwanza tuwatajao si wa Kanisa letu, lakini tendo jema halina ukuta. Edward Coode Hore, nahodha wa meli, alifika Ujiji mwezi wa Agosti 1878 pamoja na wamisionari wa London. Wenzake wawili walikufa papo hapo Ujiji muda si mwingi; yeye alibaki. Mkewe, Annie, alimfuata. Alisafiri kutoka pwani ameketi katika kiti cha wagonjwa kilichobebwa na wapagazi, akiwa na mtoto wao mdogo, Jack, akaingia Ujiji mwezi wa Januari 1885. Walihamia kisiwa cha Kavala, karibu na pwani ya magharibi ya ziwa, na huko Bibi Hore alianza kuwafundisha wasichana. Lakini mwaka 1888 walirudi Ulaya, na mwaka uliofuata Jack alikufa. Nani atawalaumu? Walitoa walichokuwa nacho. Hata hivyo twafikiri juu ya wasichana wa Kavala, waliobaki ufukoni wakitazama chombo kikienda.

Wa pili ni Adrien Atiman na mkewe Agnes Wansahira. Atiman alizaliwa mnamo mwaka 1866 karibu na mto Niger, katika nchi iitwayo sasa Mali. Alitekwa angali mtoto, akauzwa, akavushwa jangwa. Mapadre Weupe walimkomboa huko Algeria. Wakampeleka kisiwa cha Malta kusoma uganga, na mwaka 1889 alifika Karema, katika mkoa uitwao leo Katavi, awe tabibu na katekista. Angalieni: mtoto aliyenunuliwa alirudi kuwatibu watoto walionunuliwa. Hakuhitaji kufasiriwa kilio chao.

Lakini Atiman alikuwa mgeni kama Mzungu alivyokuwa mgeni. Kwao kulikuwa mbali mno, na lugha ya Wabende hakuijua. Akamwoa Agnes Wansahira, binti wa jamaa ya watemi wa Wabende. Hapo mtu asiye na ukoo akapata wakwe, mashemeji na wajomba wa wanawe. Mtoto yatima wa Karema alipoitazama nyumba ile aliona jambo ambalo hakuna mahubiri yawezayo kulieleza: kwamba aliyeng'olewa aweza kupandwa tena, akazaa. Mwana wao Yosefu alipata daraja ya upadre mwaka 1923. Naye Atiman hakuondoka. Alitibu na kufundisha Karema hata alipokufa mwaka 1956, baada ya miaka 67.

Basi hili ndilo tunalojifunza. Mali yaweza kumtoa mtoto mikononi mwa mwuzaji. Haiwezi kumpa ukoo. Mgeni wa majuma sita aweza kufua nguo na kufundisha wimbo, nasi twamshukuru kwa moyo wote. Ila kumpa mtoto mahali pa kukaa ulimwenguni ni kazi ya wale wanaobaki. Si vema sisi wenyeji kuwaachia wageni upendo, na sisi tukabaki kuimba nyimbo za kuwaaga. Ninyi walimu, mjueni kila mtoto wa nyumba hizo kwa jina lake na jina la baba yake, kama lajulikana, na mtafuteni ndugu yake aliye hai. Ninyi watu wa ndoa wa vigango, msingoje kuwa na mali nyingi. Wazee walisema, mkono mmoja haulei mwana.

Yule mtoto wa langoni hatukumsahau. Mvuvi mmoja wa kigango chetu na mkewe, waliposikia habari zake, waliomba ruhusa wawe wakimtembelea. Mvuvi wa dagaa hana usingizi usiku wa giza. Hupumzika siku za mbalamwezi, taa zisipovuta samaki. Basi siku hizo huenda wote wawili, na dagaa kidogo katika kikapu, wakakaa naye mchana kutwa. Wamefanya hivyo mwezi kwa mwezi, hawajakosa. Mtoto sasa hakai langoni kila siku. Jioni huutazama mwezi, akajua zimebaki siku ngapi.

Mwenyezi Mungu awape watoto wetu wote watu wa kungojewa ambao hurudi.