Kuchakachua au Kutengeneza? Historia ya Chipu Inayoandikwa Upya

Modemu ndogo za kuchomeka kwenye kompyuta zilipojaa madukani baada ya mkongo wa intaneti wa SEACOM kufika Dar es Salaam mwezi Julai 2009, mafundi wa Kariakoo na wenzao wa Tegeta, Bunju na Bagamoyo walipata kazi mpya, na kazi hiyo ikapewa jina: kuchakachua modemu. Kampuni ya simu iliuza modemu ikiwa imefungwa, isikubali laini ya kampuni nyingine. Fundi akaifungua, ikakubali laini yoyote. Jina lenyewe lilitoka kwenye vituo vya mafuta. Kuchakachua ni kutia mafuta ya taa ndani ya dizeli au petroli na kumuuzia mtu kama mafuta safi, uovu ulioikera nchi hata mwaka 2011 serikali ikapandisha kodi ya mafuta ya taa ili faida yake ife. Kwenye uchaguzi mkuu wa 2010 neno hilo likahamia kwenye kura. Lilipofika kwenye modemu lilikuja na harufu yake yote ya wizi, na watu wakaipokea kazi pamoja na harufu hiyo. Naona tulikosea. Kusoma na kuandika upya kumbukumbu ya kifaa ni utengenezaji kama kubadilisha kioo cha simu, na uhalifu unaotajwa pamoja nao umekaa mahali pamoja, padogo, panapojulikana: kwenye namba ya utambulisho wa kifaa.

Tuanze na chipu yenyewe, maana ndiyo iliyofungua mlango. Mwaka 1971 Dov Frohman wa Intel alitoa chipu iliyoweza kuandikwa, kufutwa na kuandikwa tena, lakini kuifuta kulihitaji kuing'oa kwenye kifaa na kuiweka chini ya taa ya miale ya urujuanimno, ikipenya kwenye kidirisha cha kioo kilichoachwa mgongoni mwake. Kazi ya namna hiyo ilihitaji karakana. Mwaka 1984 Fujio Masuoka wa Toshiba, Japani, alitangaza chipu inayofutika kwa umeme, sehemu kubwa kwa mara moja, na mwenzake Shoji Ariizumi akaipa jina la flashi kwa sababu ufutaji ule ulimkumbusha mmweko wa kamera. Aliyesoma chuoni, yaani madrasa, pwani hii ataielewa haraka. Ubao wa chuo unaandikwa herufi kwa herufi, lakini huwezi kufuta herufi moja ukaacha jirani yake safi. Unauosha, kisha unaanza upya. Flashi ni hivyo hivyo: kugeuza moja kuwa sifuri kunawezekana mahali popote, ila kurudisha sifuri kuwa moja kunataka kizio kizima kioshwe. Na kama ubao, huoshwa hadi ikachoka. Chipu za kawaida za modemu na ruta hukadiriwa kuvumilia kufutwa mara 100,000. Kilichobadilika kihistoria ni kwamba chipu haikuhitaji tena kung'olewa. Kiwanda kikaweza kurekebisha programu ya kifaa kikiwa tayari sebuleni kwa mteja, na mlango huo huo anaoupitia mwenye kiwanda ndio anaoupitia fundi.

Pwani ina sababu yake ya kuujua mlango huo. Upepo wa bahari kutoka Kunduchi hadi Saadani una chumvi, na chumvi ikikutana na unyevu hula shaba ikaacha ukungu wa kijani kwenye miguu ya chipu. Umeme nao ukikatika kifaa kikiwa katikati ya kujiandika, kinabaki na programu nusu, taa zinawaka lakini hakijitambui. Kwa lugha ya mafundi kimekufa, ingawa hakuna kilichoungua. Dawa yake ni ndogo kuliko watu wanavyodhani. Chipu ya ruta nyingi ina miguu minane, na nukta kwenye kona moja inaonyesha mguu wa kwanza uko wapi. Fundi anaisugua miguu kwa spiriti na mswaki mpaka ing'ae, anaibana kwa kibanio chenye meno manane, anaunganisha na kompyuta, anasoma kilichomo. Fundi mzuri anasoma mara mbili na kulinganisha nakala. Zikitofautiana hata kwa alama moja haandiki chochote, kwa sababu ama kibanio hakijauma vizuri ama kutu bado ipo. Zikilingana, anaweka nakala pembeni, ndipo anaandika. Kile kitendo cha kusoma kwanza ndicho kinachotenganisha ufundi na kubahatisha, na ni jambo la kusikitisha kwamba lugha yetu ya mitaani ilikipa jina kile cha kuandika tu, kuflashi, huku cha kusoma kikabaki bila jina.

Watetezi wa marufuku dhidi ya kazi hii hupenda kutaja mfano wa Marekani, na mfano huo unastahili kutazamwa kwa makini. Huko intaneti ya majumbani ilipita kwenye waya wa televisheni, kwa utaratibu uliochapishwa mwaka 1997 uitwao DOCSIS. Modemu ikiwashwa hujitaja kwa namba yake, kisha hupakua faili fupi kutoka kwa kampuni linaloiambia mwisho wa kasi yake. Wadadisi waligundua kwamba wakiifikia flashi, kwa pini za majaribio ambazo kiwanda kiliziacha kwenye bodi, wangeweza kuiandika modemu isitii faili hilo, au ivae namba ya modemu ya jirani anayelipa. Mwaka 2012 mahakama ya Boston ilimtia hatiani mfanyabiashara aliyekuwa akiuza modemu zilizobadilishwa kwa njia hiyo. Lakini soma kosa lenyewe: ulaghai, yaani kupata huduma bila kuilipia, kwa kujifanya mtu mwingine. Kusoma chipu peke yake hakukumuumiza yeyote. Walioumia ni wale ambao namba zao ziliibwa, na kampuni ambazo huduma yao ilinywewa bure. Ndiyo maana dawa ya kiufundi pia iligusa utambulisho: modemu za baadaye zilipewa vyeti vya kidijitali ili namba tupu isitoshe kufungua njia.

Modemu iliyofunguliwa Bagamoyo haikufanya lolote kati ya hayo. Mwenye nayo aliinunua, akanunua laini ya kampuni nyingine, akaweka vocha, akalipa kila bando. Alimkosea nani? Jibu la kampuni lilikuwa kwamba modemu iliuzwa kwa bei ya chini ili fedha irudi kwenye matumizi, hivyo aliyeifungua alivunja makubaliano. Hoja hiyo ina uzito, na siipuuzi. Lakini inachoeleza ni deni, na deni lina kiasi na lina mwisho. Kufuli lile halikuwa na mwisho. Marekani yenyewe, iliyorudisha marufuku ya kufungua simu mpya mwezi Januari 2013, iliyaondoa kwa sheria iliyosainiwa mwezi Agosti 2014, na Uingereza ilipiga marufuku uuzaji wa simu zilizofungwa kuanzia Desemba 2021. Nchini kwetu, tangu Machi 2017 mteja anaruhusiwa kuhama kampuni na namba yake ya simu. Nchi iliyompa mteja haki ya kuhama haiwezi kumwita mchakachuaji kwa kuhama na modemu yake. Na pwani hii inajua maana ya chombo chenye mwenyewe. Kebo ya telegrafu kutoka Unguja ilifika Bagamoyo na Dar es Salaam mwaka 1890, chini ya kampuni ya Kiingereza ya Eastern and South African Telegraph, na mtu alipeleka maneno yake dirishani akayalipia; mtambo haukuwa wake na hakudai kuwa wake. Modemu ni tofauti. Imelipiwa, iko mkononi, na bado kumbukumbu yake ikaendelea kumtii aliyeiuza.

Pingamizi la pili ni zito zaidi. Ufundi ule ule unaofufua ruta unaweza kubadilisha IMEI, yaani namba ya utambulisho, ya simu iliyoporwa Mbezi usiku na kuuzwa asubuhi. Ni kweli, na hapa sina huruma. Kenya ilizima simu bandia mwishoni mwa Septemba 2012. Tanzania, ikitumia rejesta ya vifaa iliyoanzishwa na Sheria ya Mawasiliano ya Kielektroniki na Posta ya 2010, ilizizima usiku wa tarehe 16 Juni 2016, na waliopata hasara ni watu wa kipato kidogo walionunua bila kujua. Anayebadilisha namba hiyo anaharibu njia kuu ya kuitambua simu iliyoibwa, na sheria kumwadhibu ni haki. Ila tazameni sheria ilivyochagua mahali pa kusimama: kwenye namba. Mchonga funguo naye ana kifaa kinachoweza kufungua nyumba ya mtu, na bado anakaa barabarani mchana kweupe, kwa sababu tunaadhibu kuingia nyumba isiyo yako.

Kuna pingamizi la tatu ambalo husikika kidogo kuliko linavyostahili, nalo ndilo linalonitia wasiwasi. Programu ambazo mafundi huziandika kwenye vifaa hupakuliwa kusikojulikana, na ruta yenye programu ya mtu asiyejulikana inaweza kuchungulia kila kinachopita ndani yake, hadi miamala ya benki. Kuwakimbiza mafundi hakutaponya hilo. Kutawasukuma tu wapakue gizani zaidi. Viwanda vingi vinaficha programu halisi za vifaa vyao, na fundi asiyepata ile halali anachukua iliyopo. TCRA, mamlaka ya mawasiliano nchini, ina uwezo wa kudai kwamba kila modemu na ruta inayoidhinishwa kuingia nchini iambatane na programu yake halisi, iliyowekwa wazi kwa mafundi. VETA, inayofundisha elektroniki tayari, ingeweza kufundisha kusoma, kulinganisha na kutunza nakala kama somo lenye mtihani wake.

Wakati hayo yakisubiriwa, mteja ana la kufanya. Ukipeleka ruta iliyokufa kwa fundi, mwombe asome chipu kabla ya kuandika na akupe nakala uitunze. Na simu yoyote ikirudi kutoka mezani kwake, bonyeza *#06# papo hapo, ulinganishe tarakimu zote 15 na zilizo kwenye boksi lake. Zikiwa tofauti, usiipokee.