Ukiona Vyaelea, Vimeundwa

Sifa zote njema anastahiki Mwenyezi Mungu, Mola wa viumbe vyote, aliyempa mwanadamu akili ya kufahamu na mikono ya kutenda. Rehema na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad (S.A.W.), na jamaa zake, na sahaba zake wote. Ama baad.

Ndugu Waislamu mnaotusikiliza majumbani, nanyi wanafunzi mlioko vyuoni, Ijumaa moja baada ya sala alitujia mzee mmoja akatuomba tumnasihi mwanawe. Kijana huyo alikuwa amemaliza shule ya sekondari, naye alikuwa katika mwaka wa pili wa kukaa nyumbani akingojea kazi ya ofisini. Ami yake, mwenye karakana ya kutengeneza injini za mashua, alikuwa amemwita mara tatu aende akajifunze kazi, naye hakwenda. Tulipokaa naye faraghani alitujibu kwa adabu: "Shekhe, mimi sikatai kazi. Lakini nyumbani kwetu wenyewe husema, nikionekana njiani na nguo za mafuta, watu watasemaje?" Hapo tukatambua kwamba anayestahiki kunasihiwa si kijana peke yake. Kwa hiyo leo tumekusudia kuzungumza juu ya ufundi na uanagenzi, tukiyatazama yaliyopita katika dini yetu na katika pwani yetu hii ya Afrika ya Mashariki.

Kwanza tujue kwamba katika Uislamu kazi ya mkono si aibu. Qurani Tukufu, katika Sura ya Sabaa, inatueleza habari za Nabii Daudi (A.S.), ambaye Mwenyezi Mungu alimlainishia chuma akafua deraya kwa kipimo. Nabii Nuhu (A.S.) aliunda safina kwa mikono yake huku watu wa kaumu yake wakipita na kumcheka. Katika Sahihi Muslim imepokewa kwamba Nabii Zakaria (A.S.) alikuwa seremala. Na katika Sahihi Bukhari tunapata kwamba Mtume wetu (S.A.W.) alituma kwa mwanamke mmoja wa Kiansari, ili kijana wake aliyekuwa seremala amtengenezee mimbari ya kukhutubia. Tuzingatie jambo hili: mimbari ya kwanza ya Uislamu, ambayo mimbari zote za leo ni wafuasi wake, ilikuwa kazi ya fundi.

Maulamaa wetu hawakuishia kusema kwamba ufundi unafaa. Imamu Ghazali, aliyefariki mwaka 505 Hijria, yaani mwaka 1111, ameeleza katika kitabu chake cha Ihyaa kwamba elimu ya uganga, ya hisabu, na misingi ya kazi kama ukulima, ufumaji na ushoni ni katika fardhi kifaya. Maana yake ni kwamba wakitokea watu wa kutosha wakaijua kazi hiyo, wengine wote wamesalimika. Lakini mji ukikosa hata mmoja wa kuifanya, dhambi inawapata wote. Hukumu hii ni nzito kuliko tunavyodhani. Mtu anayesali sala tano na kufunga Ramadhani anaweza kuwa na fungu lake katika dhambi ya mji mzima, kwa sababu mji huo hauna anayejua kutengeneza bomba la maji la msikiti wake, na hakuna aliyejishughulisha kumpeleka mtoto akafundishwe.

Sasa tuitazame pwani yetu. Kule Kizimkazi, kusini mwa kisiwa cha Unguja, uko msikiti wenye maandishi ya kufiya yaliyochorwa mwaka 500 Hijria, sawa na mwaka 1107. Msafiri Ibn Batuta alipofika Mombasa mwaka 1331 aliwasifu watu wake kwa dini na uaminifu, akaitaja misikiti yao ya mbao kuwa imejengwa kwa ustadi. Majumba ya mawe ya Lamu, milango ya nakshi ya Unguja, na majahazi yaliyokwenda hata Bara Hindi na Ghuba, yote hayo hayakutokea kwa bahati. Wazee wetu walisema: ukiona vyaelea, vimeundwa. Nasi tunaongeza kusema kwamba aliyeviunda naye aliundwa.

Aliundwa vipi? Baba alimshika mwanawe mkono akampeleka kwa fundi kama alivyompeleka kwa mwalimu wa chuo cha Qurani. Mwanagenzi alianza kwa kufagia vumbi la mbao, kushika uzi wa kupimia na kuchota maji. Baadaye alipewa tezo na keekee, akafundishwa kutia kalafati katika nafasi za mbao na kupaka deheni chini ya chombo. Miaka ilipita kabla ya kuruhusiwa kukata ubao kwa jicho lake mwenyewe. Alipomaliza, fundi alipewa kilemba chake na watu wakasema: fulani amehitimu. Lugha yetu inatumia neno hilo hilo kwa aliyeukamilisha msahafu na kwa aliyeukamilisha ufundi. Wazee waliotuachia lugha hii hawakuziona njia hizo mbili kuwa ni mbali.

Lakini insafu inatulazimu tuseme na upande wa pili. Pwani hii ilikuwa na utumwa, na kazi nyingi nzito za mashamba, za bandarini na za majumbani zilifanywa na watumwa. Katika nyoyo za baadhi ya watu ikaingia fikira kwamba muungwana ni yule ambaye mikono yake haina sugu. Hali ya kisheria ya utumwa ilifutwa Unguja mwaka 1897, na katika pwani ya Kenya mwaka 1907. Sheria ikafutwa, na dharau ikabaki. Yule kijana aliyeogopa nguo za mafuta hakuizua hofu yake, aliirithi. Ni urithi usiokuwa na asili katika dini, nasi tukiupokea bila ya kuuliza tunawadhulumu wanetu.

Dharau si hatari ya peke yake. Iko ya pili, nayo ni kudhani kwamba kazi ya jana itakuwapo kesho. Katika visiwa vya Lamu kilikuwako chombo kiitwacho mtepe. Mbao zake zilishonwa kwa kamba za makumbi ya nazi pasipo msumari wa chuma, na tanga lake lilikuwa la mkeka. Vyombo vya misumari vilipoenea, kazi ya mtepe ikapungua mwaka hata mwaka, na katika nusu ya kwanza ya karne ya 20 ikakatika. Elimu ile ilikuwa mikononi na vichwani mwa mafundi, haikuandikwa. Mafundi walipofariki, nayo ikazikwa pamoja nao. Ilipotakiwa mwaka 2003 kuundwa mtepe mmoja Unguja kwa ajili ya jumba la makumbusho, hapakuwa tena na mtu aliyeirithi kazi hiyo mkono kwa mkono.

Mabadiliko makubwa zaidi yalikuja na reli. Ujenzi wake ulianza Mombasa mwaka 1896, na mwishoni mwa mwaka 1901 reli ikafika Ziwa Nyanza. Wakoloni walileta kutoka Bara Hindi watu wapatao 32,000 kuifanya kazi hiyo, wakiwamo waashi, wahunzi na maseremala. Pwani ilikuwa na mafundi hodari wa vyombo vya tanga, lakini hawakuwako waliokwisha kufundishwa injini ya mvuke. Mwaka 1926 gati za kwanza za maji makuu zilipofunguliwa Kilindini, wengi katika watu wetu waliingia bandarini kwa nguvu za mabega yao, wakilipwa kwa siku, leo wameitwa na kesho wameachwa. Taabu hizo zilikuwa miongoni mwa sababu za mgomo mkubwa wa Mombasa wa Januari 1947.

Ni katika zama hizo Waislamu walipozinduka. Shule nyingi zilikuwa za wamishionari, na wazazi wengi waliogopa kuwapeleka watoto wao, hata tukabaki nyuma. Mwaka 1948 ikaanzishwa Taasisi ya Elimu ya Kiislamu ya Mombasa, iliyojulikana kwa jina la MIOME, kwa michango ya Aga Khan, Sultani wa Unguja Seyyid Khalifa bin Harub, jamaa wa Kibohora na serikali ya wakati huo. Mwaka 1951 wakaingia wanafunzi wa kwanza. Makusudio yake yalikuwa kuwapa vijana wa Kiislamu wa Afrika ya Mashariki elimu ya ufundi wa zama zao, mkono na kitabu kwa pamoja. Mwaka 1966 ikawa Taasisi ya Ufundi ya Mombasa, milango ikafunguliwa kwa watu wa dini zote. Mwaka 1972 ikawa politekniki. Na tangu mwaka 2013 ni Chuo Kikuu cha Ufundi cha Mombasa. Apitaye Tudor leo akakiona chuo hicho, na akumbuke kwamba kilianza kwa watu waliotambua kuwa fardhi kifaya ya mji wao haijatimizwa.

Wala mabadiliko hayakusimama hapo. Tangu miaka ya 1970 makontena yaliingia Kilindini, na mzigo uliobebwa na makundi ya watu magunia kwa magunia ukawa unanyanyuliwa na winchi moja. Mwaka 2017 reli mpya ya kwenda Nairobi ilianza kazi, na makontena mengi yalipohamishiwa katika reli, madereva na makuli wa malori na wenye ghala walilalamika kwamba riziki zao zimekatwa. Malalamiko yao hatuyapuuzi. Lakini tunawauliza wazazi: katika miaka hiyo yote, ni wangapi kati yetu waliomtafutia mwana wao nafasi ya kujifunza winchi, injini ya treni, umeme au kompyuta, kabla mabadiliko hayajabisha hodi?

Mwanachuoni Ibn Khalduni, aliyefariki mwaka 1406, ameandika katika Mukadima yake maneno matatu yanayotufaa hapa. La kwanza, ufundi ni tabia inayokaa ndani ya mtu kwa kulirudia tendo, wala haupatikani pasipo mwalimu. Na kujifunza kwa kuona kunapita kujifunza kwa kusimuliwa. La pili, aliyekwisha kuzama katika ufundi mmoja ni nadra kuupata mwingine kwa ukamilifu. La tatu, kila ufundi humzidishia mtu akili, na hasa kuandika na hisabu. Tukiyaunganisha maneno haya tunapata dawa. Mtoto apewe fundi wa kumshika mkono, kwani karatasi peke yake haishiki nyundo. Na apewe pia kusoma na hisabu, kwani mkono peke yake hauwezi kuhama kazi inapohama. Mafundi wa mtepe walikuwa na mkono bila ya kitabu. Vijana wengi wa leo wana kitabu bila ya mkono. Upungufu ni mmoja.

Na aliyepitwa na umri asikate tamaa. Ibn Khalduni amesema ni nadra, hakusema ni muhali. Sisi watu wa pwani wengi wetu tunafuata madhehebu ya Imamu Shafi, na katika nguzo za madhehebu hayo yumo Abubakari Al-Qaffal wa Marw, aliyefariki mwaka 417 Hijria. Jina lake lenyewe maana yake ni mtengeneza makufuli. Hiyo ndiyo iliyokuwa kazi yake hata akafikia umri wa kama miaka 30, ndipo akaanza kusoma fikihi, akawa imamu wa kutegemewa. Hakuionea haya kufuli, wala hakudhani kwamba wakati wa kujifunza umempita.

Enyi ndugu zetu, yatupasa mambo manne. Wazazi wamuulize mtoto anaweza kufanya nini, kabla ya kuuliza watu watasema nini. Na swali hilo waulizwe mabinti kama waulizwavyo vijana wa kiume. Mafundi wasiufiche ujuzi wao, wala wasimgeuze mwanagenzi kuwa mtumishi wa bure miaka na miaka, Mtume wetu (S.A.W.) ameusia mfanya kazi alipwe ujira wake kabla jasho lake halijakauka, na mwanagenzi ni amana. Vijana wavumilie mwaka wa kufagia, maana mtaka cha mvunguni sharti ainame. Na misikiti yetu isiwe ya kusali tu na kufunga mlango. Kamati ya msikiti inaweza kuwajua mafundi wa mtaa na vijana wasio na kazi, ikawakutanisha, na ikalipa ada ya yatima mmoja katika chuo cha ufundi. Kwa ndugu zetu wa Tanzania iko VETA, iliyowekwa kwa sheria ya mwaka 1994, ambayo huwapima mafundi waliojifunza mitaani na kuwapa vyeti. Fundi mwenye mkono asione uvivu kuutafutia mkono wake karatasi.

Ama yule kijana, tulimwambia aende kwa ami yake Jumamosi, na jioni asiache kusoma hisabu zake. Na wazee wake tuliwaambia kwamba nguo za mafuta hufuliwa kwa sabuni, lakini miaka ikipita haifuliwi kwa chochote.

Ewe Mola wetu, tujaalie chumo la halali, ibariki mikono ya wanetu, uwape walimu wema na subira ya kujifunza, na utusamehe tuliyoyapuuza katika haki zao. Rehema na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad, na jamaa zake na sahaba zake wote. Amin.