Matini Iliyofutwa na Hadhira Iliyoikumbuka: Kisa cha Doctor Who

Wanahistoria wa fasihi wamezoea kuichukulia hadhira kuwa kitu cha kupokea tu: mtunzi hutunga, mtambaji hutamba, nayo hadhira husikiliza kisha hutawanyika. Sisi tunaoshughulika na fasihi simulizi tumekwisha kuukataa mtazamo huo katika uwanja wetu, lakini aghalabu tunauacha usimame pale tunapozungumzia televisheni, kana kwamba mtambo umemnyang'anya mtazamaji ulimi wake. Makala haya yanakusudia kuonyesha, kwa mfano mmoja, kuwa mambo sivyo yalivyo. Mfano wenyewe ni Doctor Who, mfululizo wa hadithi za kubuni za kisayansi ulioanza kuonyeshwa na BBC ya Uingereza jioni ya tarehe 23 Novemba 1963. Hoja yetu ni kwamba watazamaji wake walinyimwa marudio kwa miaka mingi, na kunyimwa huko ndiko kulikowafanya wawe wahifadhi wa matini, kisha wahakiki wake, na hatimaye watunzi wake.

Kwa msomaji asiyeufahamu mfululizo huu, yatosha kusema kwamba mhusika wake mkuu, aitwaye Daktari, husafiri katika wakati na anga kwa chombo ambacho kwa nje kina sura ya kibanda cha simu cha polisi wa London. Mwaka 1966 afya ya William Hartnell, mwigizaji wa kwanza, ilipozorota, watunzi walimfanya Daktari abadilike mwili, na nafasi ikachukuliwa na Patrick Troughton. Hila hiyo, iliyozaliwa na dharura, ndiyo iliyoupa mfululizo uwezo wa kufufuka kila mara bila ya kuacha kuwa wenyewe.

Marudio yalikuwa haba tangu mwanzo. Sehemu ya kwanza kabisa ilirudiwa baada ya juma moja, kwa kuwa mauaji ya Rais Kennedy, yaliyotokea siku moja kabla ya kuonyeshwa kwake, yalikuwa yameziteka fikira za watu. Lakini hiyo ilikuwa hali ya pekee. Mikataba baina ya BBC na Equity, chama cha waigizaji, iliyawekea marudio mipaka na malipo, maana waigizaji walihofu kwamba michezo ya zamani ikirudiwa bila ya kikomo wao watakosa kazi mpya. Hofu hiyo haikuwa ya kipuuzi. Zaidi ya hayo, kanda za video zilikuwa ghali na ziliweza kutumiwa tena. Na Doctor Who ilipoanza kuonyeshwa kwa rangi mnamo Januari 1970, michezo isiyo ya rangi ilionekana kuwa haina soko. Basi kanda zikafutwa, tangu mwaka 1967 hadi katikati ya miaka ya 1970. Nakala za filamu za milimita 16, zilizotengenezwa ili ziuzwe ng'ambo, nazo zikaharibiwa na idara ya biashara ya shirika hilo hilo hadi mwaka 1978. Idara hiyo ilidhani kuwa kuhifadhi ni wajibu wa maktaba ya filamu. Maktaba nayo ikaona kuwa haihusiki na michezo ya kanda. Yeyote aliyewahi kutafuta jalada katika ofisi mbili za jengo moja ataelewa. Kati ya sehemu 253 zilizoonyeshwa kuanzia mwaka 1963 hadi 1969, nyingi zikatoweka.

Yaliyofanyika majumbani wakati huo huo ni ya ajabu zaidi. Vijana waliokuwa na vinasa sauti waliweka maikrofoni mbele ya televisheni na kunasa kila neno. Wachache waliokuwa na ufundi waliunganisha waya moja kwa moja na mtambo, wakapata sauti safi. Hawakuagizwa na mtu, wala hawakujua kwamba picha zitafutwa. Walitaka tu kuyasikia tena maneno ambayo waliambiwa hayatarudi. Matokeo ni kwamba hakuna hata sehemu moja ya Doctor Who iliyopotea ambayo sauti yake haikubaki. Baadaye nakala za wanasaji mbalimbali zililinganishwa, penye kelele ya nakala moja pakajazwa kutoka nyingine, kama afanyavyo mhariri wa miswada. Msomaji wa Kiswahili atakumbuka jinsi mashairi ya Muyaka wa Mombasa yalivyotufikia kwa juhudi za Mwalimu Sikujua, aliyeyakusanya na kuyaandika baada ya mshairi mwenyewe kufariki, wala si kwa hati za dola yoyote.

Picha nazo zilibaki kwa njia za pembeni. John Cura, aliyefariki mwaka 1969, alikuwa akipiga picha kioo cha televisheni na kuwauzia waigizaji na waelekezi; vipicha vyake ndivyo ushahidi pekee wa sura ya visa kadhaa. Huko Australia wakaguzi walikata vipande walivyoona vinawatisha watoto mno, wakavihifadhi serikalini. Vilipofichuliwa mwaka 1996 ikaonekana kwamba baadhi ya visa vimebakiwa na sekunde zile tu zilizokatazwa.

Hapa yafaa tuguse suala la istilahi. Neno shabiki limezoea kelele za uwanja wa mpira, na mpenzi ni pana mno. Nimetumia wapenzi, ingawa watu hawa walikuwa karibu zaidi na wale tunaowaita wapokezi wa mapokeo. Chama chao kilianzishwa mwaka 1976, na majarida yake yakawa baraza. Waliokuwa wamevitazama visa vya zamani wakawa wazee wa mapokeo. Vijana waliwauliza, nao wakajibu kwa kumbukumbu. Vitabu vilivyosimulia visa hivyo, vilivyoanza kutolewa kwa mfululizo mwaka 1973, vingi vikiwa kazi ya Terrance Dicks, vikashika mahali pa picha. Ndivyo ilivyojengwa orodha ya visa bora ambayo nusu yake haikuweza kuthibitishwa na mtu. Katika maonyesho ya miaka ishirini huko Longleat, mwaka 1983, wapenzi walipoulizwa ni kisa kipi kitolewe kwanza kwa kanda za kuuzwa, inasimuliwa kwamba walikitaja The Tomb of the Cybermen cha mwaka 1967, ambacho hakikuwapo tena.

Kisa hicho kilirudi kutoka Hong Kong, na kikauzwa mwaka 1992. Furaha ilikuwa kubwa, kisha wakaanza kunong'ona: mbona waya zinaonekana? Mbona mambo ni ya polepole? Kinyume chake ni The Enemy of the World, ambamo Troughton anaigiza Daktari na pia dhalimu anayefanana naye. Kwa miaka mingi ilikuwapo sehemu moja tu kati ya sita, nayo ni ya mazungumzo zaidi ya vitendo, na kwa hiyo kisa kizima kilihukumiwa kuwa baridi. Mnamo Oktoba 2013 sehemu tano zilizosalia zilitangazwa kupatikana, pamoja na nne za The Web of Fear, katika kituo cha televisheni huko Jos, Nigeria. Wakati huo nilikuwa masomoni Uingereza, na niliwasikia watu wenye mvi wakizitengua hukumu zao za ujanani kwa juma moja. Kwangu hilo ni la thamani kuliko filamu zenyewe. Ni nadra mhakiki wa mapokeo kupata nafasi ya kuipima kumbukumbu ya jamii kwa matini iliyorudi, na hapa kumbukumbu ilikosea pande zote mbili: ilisifu kupita kiasi na ilidharau kupita kiasi. Niongeze kwamba magazeti mengi yalistaajabia ghala la Afrika, wala hayakustaajabia kwamba kilichowekwa Jos ndicho kilichotupwa London.

Mfululizo ulisimamishwa mwaka 1989. Filamu ya mwaka 1996 haikuufufua. Katika pengo hilo wapenzi wenyewe waliandika riwaya zake, na tangu mwaka 1999 wakatunga michezo ya sauti iliyoigizwa na waigizaji wale wale wa zamani. Russell T Davies, aliyeurudisha tarehe 26 Machi 2005, alikuwa ameandika moja ya riwaya hizo. Chris Chibnall, aliyeshika uongozi wa utunzi baadaye, alionekana kwenye televisheni mwaka 1986, akiwa kijana, akiwalaumu watunzi wa mfululizo huo huo ana kwa ana. Baadhi ya wahakiki husema kwamba watunzi wa aina hii huwaandikia wenzao tu. Sikubaliani nao. Davies alianza na Rose, msichana muuza duka, wala si na Daktari. Na Daleki, adui mashuhuri kuliko wote, hakumtoa mpaka sehemu ya sita, kwa namna ambayo mtoto asiyejua lolote angemwogopa. Aliyajua mapokeo vya kutosha hata akaweza kuyanyamazia.

Mwaka 2016 BBC ilitoa The Power of the Daleks, kisa cha kwanza cha Troughton, ambacho picha zake zote sita hazipo. Michoro ilikuwa mipya. Sauti ilikuwa ile iliyonaswa majumbani mwaka 1966. Wapenzi walibishana kama michoro hiyo yastahili kuitwa matini, na kama itiwe rangi au isitiwe. Juu ya sauti hapakuwa na ubishi.