Peremende, halua na asali: majina yatokayo mbali

Muuza duka wa Mpanda akikosa chenji, humpa mteja pipi. Wapo bado wazee waiitao peremende, na jina hilo asili yake haina utata mkubwa. Limetokana na neno la Kiingereza "peppermint", aina ya mnanaa wenye harufu kali uliotiwa katika vitamutamu vya kufyonza. Kwa kuwa maneno ya Kiswahili hayaishii kwa konsonanti, neno hilo liliongezewa irabu, kisha likaenea hadi kwa pipi zisizo na mnanaa hata chembe. "Mende" anayesikika mwishoni hana undugu wowote na mdudu wa jikoni.

Halua ilipita njia nyingine. Kwa Kiarabu "halwa" ni kitu kitamu. Zanzibar na Oman ni mchanganyiko wa sukari, wanga, samli na iliki unaokorogwa motoni kwa muda mrefu. Sukari nayo ni neno la Kiarabu lililopitia Kiajemi kutoka Kisanskriti, ambako shina lake lilimaanisha changarawe.

Hata hivyo, utamu wa kale wa Katavi, mkoa uliomegwa kutoka Rukwa mwaka 2012, haukutoka dukani. Ulitoka mzingani. Misitu ya miombo ya huko, hususan maeneo ya Inyonga wilayani Mlele, inajulikana kwa ufugaji wa nyuki. Na hapa ndipo penye fumbo: neno "asali" pia ni la Kiarabu. Je, watu wa bara walingoja misafara ya pwani ndipo walambe asali?

La hasha. Kinyarwanda huiita "ubuki", Kibemba "ubuchi", na shina hilo ndilo limo katika neno "nyuki". Kiswahili chenyewe kilikuwa na "uki", ambalo kamusi hulieleza kuwa pombe ya asali, ingawa leo ni nadra kulisikia. Kwa hiyo anayedai kwamba neno la mkopo lazima lije na kitu kigeni atakuwa sahihi kwa peremende na kukosea kabisa kwa asali. Biashara ya pwani ilibadili jina la kilichomo mzingani; aliyekitengeneza akabaki na jina lake la Kibantu.