Panya buku wa Morogoro: kutoka mabomu hadi makohozi

Julai 1881, Rais James Garfield wa Marekani alipigwa risasi, na madaktari wakashindwa kujua imekaa wapi mwilini. Alexander Graham Bell, yuleyule wa simu, akaja na mtambo wa umeme wa kutambua metali. Mlio ukasikika hafifu, tena eneo kubwa mno. Baadaye ikabainika kuwa godoro la mgonjwa lilikuwa na springi za chuma. Garfield alifariki Septemba.

Vifaa vya aina hiyo vilikuja kuwa tegemeo la wategua mabomu ya ardhini, na tatizo halikwisha: msumari au kizibo cha soda navyo huviliza.

Mwaka 2000, shirika la APOPO la Mbelgiji Bart Weetjens lilihamia Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo, SUA, chini ya milima ya Uluguru. Ili kutafuta mabomu hayo, lilimtegemea panya buku, mnyama anayejaza chakula mashavuni na kwenda kukificha. Hana habari na vyuma chakavu. Hunusa baruti yenyewe, na uzito wake mdogo haulipui bomu. Mmoja wao, Magawa, aliyezaliwa Morogoro, alitunukiwa medali ya dhahabu na shirika la Uingereza mwaka 2020 kwa kazi yake Kambodia.

Lakini kazi inayostahili kusimuliwa zaidi inafanyika mjini Morogoro kwenyewe. Bell alianzia mwilini, kifaa kikaishia ardhini. Panya hawa walianzia ardhini wakaja kwa mgonjwa. Tangu 2007 wamekuwa wakitafuta kifua kikuu kwa kunusa makohozi yanayoletwa kutoka kliniki, baada ya vimelea kuuawa kwa joto. Panya hupita juu ya mstari wa matundu, kila tundu na sampuli yake chini. Akisimama sekunde chache na kuzamisha pua, ni ishara kwamba ameitilia shaka sampuli; ikiwa ni ile ambayo kliniki tayari iliikuta na ugonjwa, mlio mdogo husikika naye hupewa ndizi iliyopondwa. Sampuli 100 humchukua dakika 20 hivi. Mtaalamu wa maabara angetumia siku kadhaa.

Hadubini ya kliniki huwapita hasa watoto na watu wenye VVU, kwa kuwa makohozi yao mara nyingi huwa na vimelea vichache. Hapo ndipo pua hii inapookoa watu.

Hata hivyo, panya hatoi majibu ya mwisho. Sampuli aliyoitilia shaka hupimwa upya maabara, na ikithibitika, mgonjwa aliyekwisha kuambiwa hana kifua kikuu hutafutwa aanze dawa.