Dini Isiyo na Mwanzilishi: Kutoka Mto Sindhu hadi Milansi

Jirani anapoingia hekaluni kwa mara ya kwanza, akisha kuvua viatu mlangoni na kuzitazama taa na sanamu, swali lake huwa ni moja: dini yenu ilianzishwa na nani, na mwaka gani? Ni swali la heshima. Mwislamu huweza kutaja Makka na Madina na Mtume wake. Mkristo huweza kutaja Bethlehemu na Yerusalemu. Mhindu akiulizwa, husita. Si kwamba haijui dini yake, bali dini yake haina mwanzilishi mmoja wala mwaka wa kuanza. Katika kumbukumbu hii ya hekalu letu, inafaa tulijibu swali hilo kwa utaratibu. Na tulijibu tukiwa na Mwimbi mbele ya macho yetu, kwa kuwa nchi ya Ufipa inalo jibu lake, nalo li karibu sana na letu.

Tuanze na jina. Neno Hindu si jina la mtu wala la fundisho. Linatokana na Sindhu, mto mkubwa ambao leo unapita Pakistani. Waajemi wa kale waliitamka ile s kuwa h, na wageni waliofuata wakawaita hivyo watu wote waliokaa ng'ambo ya mto. Wenyewe twaiita njia yetu Sanatana Dharma, yaani mwenendo wa milele. Kitabu chake cha kale kuliko vyote, Rigveda, kina tenzi 1,028 katika mafungu 10, na wataalamu wengi hukadiria kwamba zilitungwa kati ya mwaka 1500 na 1000 kabla ya Kristo. Kwa karne nyingi hazikuandikwa. Mwana alizipokea kwa baba, silabi kwa silabi, akazitunza moyoni. Wenye hekima waitwao rishi hawahesabiwi kuwa waanzilishi. Husemwa kwamba waliyasikia maneno yaliyokuwapo tangu zamani, na ndiyo maana maandiko hayo huitwa shruti, yaani yaliyosikiwa.

Utenzi wa kwanza kabisa wa Rigveda unamwelekea Agni, moto, anayepeleka sadaka za wanadamu juu. Katika fungu la 10, utenzi wa 129 unauliza ulimwengu umetoka wapi, na unamalizia kwa mashaka iwapo hata yeye autazamaye kutoka juu anajua. Basi mlangoni mwa dini yetu vimesimama vitu viwili: moto, na swali ambalo halijafungwa kwa jibu. Hayo ndiyo maoni ya Kihindu juu ya asili ya dini. Dini huanza pale mtu anapokutana na jambo kubwa kuliko yeye, akanyamaza, akasikia.

Sasa tuitazame Ufipa. Wazee wa nchi hii husimulia juu ya Milansi, kijiji ambacho jina lake lina maana ya milele, na juu ya Ntatakwa, mtu wa kwanza, aliyeshuka kutoka mbinguni ulimwengu ulipoanza. Husimulia pia kwamba baadaye walifika wanawake wageni wakati mtawala wa Milansi hayupo, wakautwaa utawala. Na kwa wanawake hao ukatoka ukoo wa Twa uliotawala Nkansi na Lyangalile. Lakini Milansi haikufutwa. Mamlaka ya nchi yalikwenda kwa wageni, na heshima ya utakatifu ikabaki kwa wenyeji wa kwanza. Msomaji atambue kwamba neno lile lile tulilolichagua sisi kuitaja dini yetu, milele, Wafipa walilichagua kukitaja kijiji chao cha asili. Hatudai kwamba mmoja alijifunza kwa mwingine. Twasema tu kwamba watu wawili waliokaa mbali sana walikataa kuuwekea utakatifu tarehe.

Tena upo moto. Katika uwanda huu wa juu yangali yanasimama mabaki ya malungu, matanuri marefu ya udongo ambamo mawe ya chuma yaliyeyushwa. Tanuri liliimaliza kazi hiyo bila mivukuto, kwa upepo ulioingia wenyewe kupitia matundu ya chini. Kisha chuma kilisafishwa katika tanuri dogo lenye mivukuto kabla mhunzi hajakifua kuwa jembe. Kazi hiyo haikuwa ufundi mtupu. Tanuri jipya lilipambwa na kuheshimiwa kama bibi harusi, fundi mkuu alikuwa na kikapu chake cha dawa, na wafanyakazi walijitenga na wake zao mpaka chuma kitoke. Mhindu anayejua kwamba arusi yake haikamiliki mpaka maarusi wauzunguke moto hahitaji kufafanuliwa jambo hili. Karne ya 20 ilipoleta majembe ya viwandani, malungu yalizimika, na maarifa mengi yakazimika pamoja nayo.

Mapadre Weupe walikabidhiwa Karema, kwenye ufuko wa Ziwa Tanganyika, mwaka 1885, na kutoka ziwani Ukristo ukapanda hadi uwanda wa juu. Uislamu nao ulikuja kwa njia za misafara ya biashara. Dini hizo zimejenga shule, zahanati na udugu, na Wafipa wengi sana leo ni Wakristo kwa moyo wao wote. Lakini katika enzi hiyo hiyo wataalamu wa Ulaya walizipanga dini kama ngazi. Edward Tylor, katika kitabu chake cha mwaka 1871, aliiweka imani ya mizimu na roho chini kabisa, kana kwamba ni utoto wa binadamu. Kwa hesabu hiyo, ibada isiyo na kitabu wala mwanzilishi ilionekana si dini, bali ushenzi. Nasi tulihesabiwa humo: watu wa sanamu nyingi.

Kwa hiyo, twajibu kwamba dini huzaliwa kwa njia zaidi ya moja. Nyingine husikiwa, kama Veda. Nyingine huletwa na mwalimu mmoja, kama Buddha, au Guru Nanak aliyezaliwa mwaka 1469, na sisi huwaheshimu walimu hao. Nyingine hukua polepole katika mlima, katika kaburi la babu na katika tanuri la chuma. Mhindu hufundishwa kwamba ukweli ni mmoja na wenye hekima huuita kwa majina mengi. Akiliamini fundisho hilo, hawezi kulikubali jina la Krishna na kulidharau jina la Leza.

Hapa yatupasa kukiri. Tumelihubiri fundisho hilo kuliko tulivyolitenda. Huko India kwenyewe, watu wa tabaka za chini walizuiwa kuingia katika mahekalu mengi. Utawala wa Travancore uliwafungulia mahekalu yake mwaka 1936 tu. Afrika Mashariki wazee wetu walikuja na jahazi za pepo za msimu kutoka Kutch na Gujarati, wakafungua maduka hadi bara, na katika chumba cha ndani wakawasha taa mbele ya sanamu ndogo. Mteja aliishia kwenye kaunta. Alimjua Baniani kwa mizani yake, hakumjua kwa sala yake. Na methali ya Kiswahili isemayo kwamba Baniani mbaya, kiatu chake dawa, haikuzuka bure. Watu wanaosema kwamba ukweli una majina mengi waliishi miaka mingi bila kuwauliza majirani wao wanaliitaje jina hilo.

Wazee wanaoweza kuonyesha mahali malungu yaliposimama, na kueleza yaliyotendwa hapo, wanapungua kila mwaka. Sherehe hii itakuwa na maana zaidi kama kila mmoja wetu atamtembelea mzee jirani, akaketi na kumwuliza, akanyamaza na kusikia. Hivyo ndivyo rishi walivyofanya. Naye jirani anayetuuliza dini yetu ilianzishwa na nani, tumjibu bila kusita kwamba haikuanzishwa na mtu, kisha tumkaribishe akae nasi taa zinapowashwa.